Karani Aliyewatafuta Watoto Wasioitwa na Kompyuta

Saa moja kasorobo asubuhi. Mlango wa mbele wa zahanati bado umefungwa, na akina mama wanne wamekwisha kukaa kwenye benchi la nje, watoto mapajani. Ndani, katika chumba cha kumbukumbu chenye dirisha moja na makabati matano ya chuma, mwanamke mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi anahesabu kadi za chanjo. Kompyuta iko mezani mbele yake. Hajaiwasha.

"Kwanza nahesabu mimi," anasema bila kuinua macho. "Halafu namuuliza yeye. Tukipishana, hapo tuna maneno."

Kadi za leo ni thelathini na nane. Anaiandika hesabu hiyo kwenye daftari, anapiga mstari chini yake, kisha ananyoosha mkono kwa mwandishi wa habari hizi.

"Na wewe, nionyeshe ulivyoandika."

Anaonyeshwa. Anasoma polepole, anagundua tatu iliyoandikwa inafanana mno na tano, anaomba irekebishwe. Ikirekebishwa, anatikisa kichwa kukubali, ingawa uso wake haujakunjuka bado.

Wenzake wanamwita Mama Kadi. Ana miaka arobaini na sita, na kumi na moja kati ya hiyo ameimalizia katika jengo hili: mitano akipiga deki, mitatu akibeba mafaili, na mitatu hii ya mwisho akiwa karani wa chanjo. Mafunzo yake ya kompyuta yalichukua wiki tatu. Mkataba wake ni wa miezi sita sita. Kila siku anatembea dakika hamsini kuja kazini, na hamsini nyingine kurudi.

Hakuzaliwa na mashaka haya. "Mimi nilikuwa mtu wa kuamini," anasema. "Ukiniambia kesho mvua, naanua nguo leo."

Kilichombadilisha ni mtoto wa mdogo wake.

Mdogo wake, fundi cherehani, alijifungua mtoto wa kike miaka mitatu iliyopita. Mama Kadi mwenyewe ndiye aliyemwandika kwenye kompyuta, tena kwa madaha, akiwaita wauguzi waje waone jina linavyopendeza kwenye kioo. Mtoto alipata dozi ya kwanza ya surua akiwa na miezi tisa. Alipofika miezi kumi na mitatu, mama yake aliugua wiki mbili akafariki. Mama Kadi akamchukua mtoto, akamtandikia kitanda kidogo pembeni mwa chake, na tangu hapo anaitwa mama mkubwa, wakati mwingine mama peke yake.

Dozi ya pili ilitakiwa miezi mitano baadaye. Kadi ya nyumbani ilikuwa imepotea katika kuhamisha vitu vya marehemu, lakini hilo halikumtia hofu. Zahanati hutuma ujumbe wa simu kwa kila mlezi siku tatu kabla ya tarehe. Angesubiri ujumbe kama watu wengine.

"Utaniuliza, na wewe si ndiye unayeziandika hizo tarehe?" anasema, na hapa anavua miwani. "Wameniuliza wengi. Nilikuwa naandika watoto arobaini siku za kliniki. Wa wenzangu niliwafuatilia. Wangu nilimwachia kompyuta."

Ujumbe haukuja. Mtoto akiwa na miezi ishirini na miwili alipata homa, macho yakawa mekundu, na siku ya nne vipele vikamtoka kuanzia nyuma ya masikio. Alilazwa hospitali kubwa siku tisa. Daktari wa wodi alimuuliza yeye, karani wa chanjo, dozi ya pili ilitolewa lini. Alipona, ila sikio la kushoto halisikii vizuri. Ukimwita kutoka upande huo, hageuki.

Bibi yake mtoto, yaani mama yake Mama Kadi, alikaa na binti yake kwenye korido ya hospitali. Kisha akauliza kwa sauti ya chini, kama mtu anayeogopa jibu:

"Mwanangu, huyu mtoto ulimwandika kweli?"

"Nilimwandika, mama."

"Basi mbona hawakumwita?"

Swali hilo lilimnyima usingizi. Asubuhi iliyofuata alipitia kazini kabla ya kwenda wodini, akafungua kompyuta, akatafuta jina. Mtoto yumo. Tarehe ya kuzaliwa imo, dozi ya kwanza imo, tarehe ya dozi ya pili imo, sahihi kabisa. Akafungua orodha ya ujumbe uliotumwa mwezi ule. Mtoto hayumo.

"Nikasema, hapa pana mkono wa mtu," anakumbuka.

Mtu aliyemjia kwanza akilini alikuwa fundi wa mfumo wa kompyuta, mwanamume wa makamo ambaye zahanati nzima inamwita Injinia. Alikuwa anakuja kila baada ya miezi mitatu, anaomba chai, anafunga mlango wa chumba cha kumbukumbu, na baada ya saa mbili anatoka akifuta mikono utadhani alikuwa chini ya gari. Akiulizwa alikuwa anafanya nini, jibu lake lilikuwa moja: "Usafi."

Usafi gani unaofanywa mlango ukiwa umefungwa? Mama Kadi alianza kumvizia. Wiki moja kabla ya ujio wake alichapisha orodha ya watoto wanaosubiri dozi. Injinia alipoondoka, akachapisha nyingine. Akazilinganisha jina kwa jina chumbani kwake, mumewe akimshikia taa ya simu kwa sababu umeme ulikuwa umekatika. Watoto saba walikuwa kwenye orodha ya kwanza. Kwenye ya pili hawakuwepo.

"Mume wangu akaniambia, mke wangu, nenda polisi," anasema. "Nikamwambia, nikaseme nini? Nimeibiwa majina?"

Kuanzia siku hiyo alimtazama kila mtu kwa jicho la pembeni. Alimshuku mtunza friji ya chanjo, kwamba labda dozi zinauzwa na watoto wanafichwa ili hesabu ikae sawa. Akahesabu chupa kwa siri, zikatimia. Alimshuku muuguzi wa zamu ya mchana kwa sababu tu alikuwa anajua neno la siri la kompyuta. Salamu zake zilipoa. Chai akaanza kunywa peke yake.

Naye hakujua kwamba kuna jicho lililokuwa linamtazama yeye. Mganga mkuu wa zahanati alikuwa ameambiwa kwamba karani anatoka na karatasi zenye majina ya wagonjwa kwenye mkoba. Siku ya Jumatatu akaitwa ofisini na kukabidhiwa barua: ajieleze kwa maandishi ndani ya siku saba, kwa nini anatoa kumbukumbu nje ya kituo na kwa nini baadhi ya wazazi wanalalamika watoto wao hawaitwi.

Aliisoma mara mbili akiwa amesimama. Maneno yale aliyajua. Karani aliyemtangulia, mzee mmoja anayejulikana kama Bwana Faili, aliondolewa kazini kwa barua ya namna hiyohiyo, na kosa lake liliandikwa "kutoingiza kadi". Mama Kadi alirithi kiti chake bila kumhurumia.

"Nilimwona mvivu," anakiri. "Nilikuwa napanga mafaili pembeni ya meza yake, nikimsikia anasema 'niliwaandika, niliwaandika'. Nilikuwa nacheka moyoni."

Jioni hiyohiyo alikwenda kumtafuta. Bwana Faili sasa anatengeneza baiskeli kwenye kibanda cha mabati nyuma ya soko. Alimkuta ameshika mnyororo, mikono imejaa grisi. Mzee hakumkaribisha.

"Umetumwa?" aliuliza.

"Sijatumwa, mzee. Nimepewa barua."

Bwana Faili aliuweka mnyororo chini. Aliisoma barua ile akiishika kwa ncha za vidole ili asiichafue, kisha akacheka kicheko kifupi kisicho na raha. Akaingia ndani, akarudi na daftari lenye jalada la plastiki. Lilikuwa na majina kumi na tisa.

"Hawa ndio walionifukuzisha kazi," alisema. "Niliwaandika wote, binti yangu. Wote. Nikienda kuwaangalia mmoja mmoja, wamo. Nikichapisha orodha, hawamo. Nikimwambia Mkuu, ananiambia mzee umechoka."

"Hukumshuku Injinia?"

"Nilimshuku hata paka wa zahanati." Akageuza ukurasa. "Lakini kuna kitu kilinitatiza. Tazama hawa. Huyu mama yake alikufa. Huyu mama alihamia mbali akamwacha kwa bibi. Huyu aliletwa na jirani. Hata mmoja hana nyumba iliyotulia. Sijui hiyo mashine ilikuwa inajuaje, lakini ilikuwa inawachagua wenye shida."

 Njiani kurudi nyumbani Mama Kadi alijaribu kuwakumbuka wale saba wake. Wawili aliwajua: mmoja mama yake alifariki, mwingine baba alimchukua baada ya ndoa kuvunjika. Na wa nane alikuwa amelala kwenye kitanda kidogo nyumbani kwake.

Siku ya saba hakupeleka maelezo. Alipeleka ombi: Injinia aitwe, na kompyuta ifunguliwe mbele ya Mkuu. Mkuu alikubali shingo upande.

Walikaa watatu ofisini, kompyuta katikati. Injinia alikuja na mkoba wake na uso wa mtu aliyekatishwa safari. Mama Kadi alimwambia kwamba, kwa aliyoyaona kwenye daftari la Bwana Faili, anadhani watoto wasio na mlezi kwenye kumbukumbu ndio wanaopotea.

"Dada, hilo ni jambo la dakika moja," alisema Injinia. Akaandika swali kwa kompyuta: nionyeshe watoto wote ambao mlezi wao ni sawa na tupu. Akabonyeza. Jibu likaja papo hapo. Sifuri.

Akageuza kioo kumwelekea Mkuu. "Hakuna hata mmoja. Kama watoto wanapotea, basi ni kwenye kuandika."

Mkuu alimtazama karani. Mama Kadi anasema alihisi kiti kinazama. Lakini alipiga moyo konde.

"Mfungue wa kwangu," alisema.

"Nani?"

"Mtoto wa mdogo wangu. Mtafute kwa jina."

Injinia aliandika jina. Ukurasa wa mtoto ukafunguka, na pale penye mlezi palikuwa peupe. Hapakuwa na jina wala namba.

"Mmoja huyu hapa mbele yetu," alisema Mama Kadi. "Na kompyuta imetoka kukwambia hakuna. Mmoja wenu ananidanganya. Ni yeye au ni wewe?"

 Injinia alisogea karibu na kioo, akalisoma tena swali alilokuwa ameliandika, akalifuta. Akaandika jingine, refu kidogo tu kuliko la kwanza. Safari hii hakuuliza watoto ambao mlezi wao ni sawa na tupu. Aliuliza watoto ambao nafasi ya mlezi iko tupu. Majina yakaanza kushuka kwenye kioo, yakashuka, yakashuka. Hamsini na matatu.

"Mungu wangu," alisema Injinia.

Alipohojiwa na gazeti hili, Injinia alieleza kosa hilo bila kujificha. Ndani ya mfumo kuna majedwali mawili, moja la watoto na jingine la walezi. Kila mlezi ana namba yake, na mstari wa kila mtoto una nafasi ya kuandika namba ya mlezi wake. Hapo ndipo wanapounganishwa. Ujumbe unapotayarishwa, kompyuta inasoma namba iliyo kwa mtoto, inakwenda kwenye jedwali la walezi kutafuta inayolingana nayo, na kuchukua simu ya mlezi huyo.

Mlezi akifutwa, namba yake haiwezi kubaki kwa mtoto ikielekeza kwa mtu asiyekuwepo. Aliyeufunga mfumo miaka mitano iliyopita alikuwa na njia tatu: kuzuia mlezi asifutwe, kumfuta na mtoto pamoja naye, au kumwacha mtoto na kuifanya nafasi ya mlezi iwe tupu. Alichagua ya tatu.

"Ilionekana ndiyo ya huruma," anasema Injinia. "Na kweli, hakuna mtoto aliyefutwa. Wote walikuwemo siku zote. Ila kila orodha iliyowataka mtoto na mlezi pamoja iliwaruka, kwa sababu upande wa pili hapakuwa na wa kulingana nao."

Na lile swali lililoleta sifuri? Hapo Injinia anacheka kwa aibu. "Kwa kompyuta, tupu si sifuri, wala si neno 'hana'. Tupu maana yake sijui. Sasa ukiiuliza, je, hiki nisichokijua ni sawa na kile nisichokijua? Haisemi ndiyo, haisemi hapana. Inasema sijui. Na kwenye orodha anaingia yule tu aliyejibiwa ndiyo. Inabidi uulize kwa namna yake: hapa pako tupu? Hilo nililijua tangu chuoni. Siku ile nililisahau, na ningeondoka na kazi ya mtu."

Lakini siku ile ofisini mambo hayakuishia hapo. Mkuu aliuliza swali ambalo Mama Kadi alikuwa analingoja kwa hamu: nani alikuwa anawafuta walezi?

Injinia alisema ni yeye. Huo ndio uliokuwa usafi wake. Wakati fulani mwanamume mmoja alikuja zahanati analia, kwa sababu simu ya marehemu mkewe ilipokea ujumbe wa kumwita ampeleke mtoto kliniki. Mkuu aliyekuwepo akaagiza walezi waliofariki, waliohama au walioandikwa mara mbili waondolewe kila robo mwaka. Ila Injinia hakuwa anabuni majina. Alikuwa anayapata kwenye fomu.

Akatoa fomu hizo kwenye mkoba, akazipanga mezani. Ya tatu kutoka juu ilikuwa na jina la fundi cherehani. Sababu: amefariki. Chini palikuwa na sahihi ya karani.

"Ulikuwa mwandiko wangu," anasema Mama Kadi. Anaitazama mikono yake mezani. "Wiki moja baada ya mazishi. Niliijaza huku nalia. Nilikuwa nawinda mtu miezi mitatu, kumbe aliyemtenga mtoto ni mimi."

Fomu haikuwa na mahali pa kuandika mlezi mpya. Ilitaka jina, namba, sababu na sahihi. Pembeni, kwa herufi ndogo za kalamu ya bluu, alikuwa ameandika: "Mtoto yuko kwangu," na namba yake ya simu. Injinia alipewa kazi ya kusoma nafasi nne. Pembeni hakusoma.

Barua ya kujieleza ilifutwa siku hiyohiyo. Fomu mpya ilitengenezwa, na sasa mlezi haondolewi mpaka mwingine awe ameandikwa. Orodha ya ujumbe nayo ilipangwa upya, ili mtoto asiye na mlezi atokee mwishoni kwa herufi nyekundu, mtu amfuate kwa miguu. Injinia na Mama Kadi walianza kusalimiana vizuri, ingawa karani bado anataka mlango wa chumba uwe wazi fundi akiwa ndani.

"Alinishuku, na hakukosea sana," anasema Injinia. "Sikuiba kitu, lakini nilikuwa sijibu maswali."

Bwana Faili naye alitumiwa barua ya kusafishwa jina, iliyopigwa muhuri. Mama Kadi aliipeleka mwenyewe kwenye kibanda cha baiskeli na kumwomba radhi akiwa amepiga magoti kwenye vumbi. Mzee alimwinua.

"Kurudi huko sirudi," alimwambia. "Hapa spoki ikikatika naiona kwa macho. Lakini daftari langu lichukue. Wote kumi na tisa uwapate."

Kazi ya kuwatafuta imechukua karibu mwaka. Mama Kadi na muuguzi mmoja, yuleyule wa zamu ya mchana ambaye karani alikuwa akimshuku, wamekuwa wakitoka kila Jumamosi na kisanduku cha baridi, wakiuliza mlango kwa mlango. Kati ya watoto hamsini na watatu, wakiwemo wa daftari la mzee, arobaini na wanne wamepatikana na kuchanjwa. Wanane walikuwa wamehama na kuchanjwa kwingine. Karani alitaka aonyeshwe kadi zao, akaonyeshwa.

Si kila mlango ulifunguka kwa furaha. Babu mmoja aliwafukuza akidhani wamekuja kumnyang'anya mjukuu. "Miaka miwili hamkumjua, leo mnamjua?" aliwauliza. Walirudi mara tatu. Mara ya tatu aliwapa viti.

Amebaki mmoja. Kwenye kumbukumbu ana jina, siku ya kuzaliwa na dozi moja. Alikuja mgongoni mwa mwanamke aliyesema si mama yake, kwamba mama atakuja kuandikwa baadaye. Hakuja mtu. Hakuna simu, hakuna nyumba. Atakuwa anakaribia miaka minne sasa, kama yupo.

Jumamosi hii wataanza mtaa wa ng'ambo ya reli, ambako hawajafika. Baada ya hapo kuna shule mbili za awali, na Mama Kadi amekwisha kuandika barua kuomba aruhusiwe kupita darasa kwa darasa akiita jina hilo. Mkataba wake unakwisha mwezi ujao na hajaambiwa kama utaongezwa. Anasema akiachishwa, ataendelea kutafuta akiwa raia wa kawaida.

Muuguzi alimuuliza juzi watamtafutaje mtoto ambaye hawajui hata ni wa nani.

"Nikamwambia, wa nani tutajua tukifika," anasema Mama Kadi. "Mimi simtafuti mama yake. Namtafuta yeye."